Migahawa ya trei na mboga mbili za bei nafuu: Walichopoteza wazazi wa Marekani

Ukiingia tu unakuta rundo la trei, na pembeni uma, kisu na kijiko vilivyofungwa pamoja kwenye leso ya karatasi. Unachukua trei, unaisukuma taratibu juu ya reli za chuma, unafuata foleni. Mbele yako, nyuma ya kioo, vyakula vyote vya siku hiyo viko wazi: saladi ya karoti na zabibu kavu, kabichi, kunde, bamia, viazi vya kupondwa, samaki wa kukaanga, maini ya vitunguu, mkate wa mahindi. Unanyoosha kidole, mhudumu anapakua. Mwisho wa foleni keshia anaangalia vibakuli vilivyo kwenye trei yako, anakutajia bei, unalipa na kutafuta meza.

Kwa mzazi wa Dar es Salaam aliyewahi kula kwa mama lishe, hakuna jambo geni hapo. Lakini kwa familia za Texas, Louisiana, Alabama na North Carolina, huu ulikuwa utaratibu wa Jumapili baada ya ibada kwa zaidi ya nusu karne, na leo umebaki katika migahawa michache tu.

Wamarekani wanaiita migahawa hii kafeteria. Hapa nchini neno hilo humkumbusha mtu chakula cha chuoni au ofisini, ila kule ulikuwa mgahawa kamili wa mtaani, wenye vitambaa safi, wazee waliovaa suti zao za kanisani na watoto walioambiwa wasikimbie na trei. Haikuwa bufee pia. Kwenye bufee unalipa mara moja na kujipakulia mpaka ushindwe. Kwenye kafeteria anayepakua ni mhudumu, kwa kipimo, na kila kibakuli kina bei yake.

Septemba 2020, katikati ya janga la Uviko-19, kampuni ya Luby's, iliyofungua mgahawa wake wa kwanza San Antonio, Texas, mwaka 1947, ilitangaza kuwa inauza mali zake na kujifunga. Hii ni kampuni ambayo miaka ya 1990 ilikuwa na migahawa zaidi ya 200. Wateja walioisikia habari hiyo hawakuzungumzia hisa wala madeni. Walizungumzia bibi zao, na sahani ambayo bibi aliagiza kila Jumapili bila kubadilisha.

Kumbukumbu za aina hiyo ni rahisi kuzichukulia kama uzee tu, mtu akililia ujana wake. Ukiangalia kwa jicho la lishe, kuna kitu kingine ndani yake: mahali ambapo familia ya kipato cha kawaida ingeweza kutoka, ikakaa mezani, na kila mmoja, kuanzia mtoto wa miaka minne hadi babu wa miaka 80, akapata chakula kilichopikwa siku hiyo, chenye mboga, kwa bei isiyoumiza.

Mboga ni nini?

Sahani maarufu kuliko zote pale Luby's inaitwa LuAnn. Ni nusu ya kipimo cha kawaida cha nyama, kuku au samaki, pamoja na vyakula viwili vya pembeni na mkate. Bei yake ni ndogo kuliko ya sahani kamili, na kwa sababu hiyo ikawa kipenzi cha wazee, akina mama na watoto waliokua kidogo, wasiotaka tena sahani ya watoto.

Tazama mpangilio wake. Nyama ni nusu, vya pembeni ni viwili. Mtu anayeagiza LuAnn na kuchagua kabichi na kunde anaondoka na sahani ambayo mtaalamu yeyote wa lishe angeikubali, na hakuna aliyemhubiria. Tafiti zilizofanywa kwa miaka mingi kuhusu ukubwa wa sahani zinaonesha jambo moja kwa kurudiarudia: anayewekewa chakula kingi hula kingi, hata kama njaa yake ni ile ile. Kafeteria ilimwekea mteja kidogo, na mteja hakujiona ameonewa.

Ila usidhani kila kibakuli kilikuwa cha afya. Kusini mwa Marekani, kwenye orodha ya mboga za kafeteria utakuta makaroni ya jibini. Ndiyo, makaroni, yaliyozama kwenye jibini na siagi, yanahesabiwa kuwa mboga, na mtu anaweza kuagiza sahani ya mboga tatu akaletewa makaroni, viazi na mahindi. Wamarekani wa majimbo mengine huona kichekesho. Mswahili hatashangaa sana, maana kwetu pia mboga ni chochote kinachoshushia ugali au wali, kuanzia dagaa hadi nyama ya ng'ombe.

Majani yenyewe, kama kolado na majani ya tanipu, mara nyingi huchemshwa muda mrefu pamoja na vipande vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Bamia hupitishwa kwenye unga wa mahindi na kukaangwa kwenye mafuta mengi. Karoti, kwenye migahawa ya Piccadilly, ndizo zilizowapa jina zaidi, kwa sababu husagwa na kuokwa na mayai na sukari mpaka zikaribiane na keki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na ale angalau gramu 400 za matunda na mboga. Mla kafeteria angeweza kuifikia hiyo ya pili huku akiipita mbali hiyo ya kwanza.

Kwa hiyo si haki kuiita migahawa ile kliniki ya lishe. Swali la maana kwa mzazi ni kilichokuja baada yake. Familia iliyoacha kwenda kafeteria haikurudi nyumbani kupika kabichi. Wengi walihamia kwenye dirisha la kununulia chakula ukiwa ndani ya gari, ambako kwenye mfuko wa karatasi kuna baga, chipsi na soda, na mboga ni kipande cha saladi kilichobanwa ndani ya mkate.

Kunde na bamia, kwa taarifa, zilifika huko kutoka Afrika enzi za utumwa. Wapishi wengi waliozipika nyuma ya kaunta za Kusini walikuwa wajukuu na vitukuu vya watu waliosafiri nazo.

Mtoto na trei yake

Kila mzazi anajua mtoto wa miaka miwili hadi sita anavyoweza kukataa chakula kwa kukiangalia tu. Wataalamu wa ulaji wa watoto wanasema hofu ya chakula kigeni ni hatua ya kawaida ya ukuaji, na kwamba mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Mara nyingi mzazi huchoka mara ya tatu. Anasema "huyu hali mchicha", na mchicha hauonekani tena kwenye sahani ya mtoto.

Foleni ya trei ilifanya kazi hiyo ya kurudia bila mzazi kujua. Kila Jumapili mtoto alipita mbele ya vyakula vile vile, usawa wa macho yake, akiviona kabla ya kuvila. Aliona kaka yake akichukua kunde. Alimwona babu akiomba maini. Hakuna aliyemshika kidevu. Siku akitaka kujaribu, kibakuli kilikuwa kidogo na bei yake ndogo, kwa hiyo akionja na kukiacha mzazi hakulia hasara ya sahani nzima.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, amejulikana kwa kanuni yake ya kugawana majukumu mezani. Mzazi anaamua kitakacholiwa ni nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Kanuni hiyo inawatesa wazazi wengi, kwa kuwa kumwachia mtoto uamuzi kunaonekana kama kushindwa malezi. Kafeteria ilikuwa inaitekeleza kwa vitendo. Mzazi alishachagua mahali, na karibu kila kilichokuwa nyuma ya kioo kilikuwa chakula cha kupikwa nyumbani. Mtoto alichagua viwili kati ya hivyo, akavibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akivitazama visimwagike.

Jeli ya rangi nyekundu iliyokatwa vipande vya mraba ilikuwepo pia, tena kwenye migahawa mingi ilipangwa mwanzoni kabisa mwa foleni. Mzazi alilazimika kupambana nayo hapo hapo.

Babu alikula na nani?

Siku za kazi, kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, kafeteria zilikuwa mali ya wazee. Wajane na wagane waliokosa sababu ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja walikula hapo mlo wao mkubwa wa siku. Chakula kilikuwa laini kwa meno yaliyopungua. Maini, ambayo mikahawa mingi ya kisasa haiyapiki, yalimpa mzee madini ya chuma kwa bei ya chini. Mhudumu alishajua nani anataka mchuzi pembeni na nani ana kisukari, na mzee asipoonekana siku mbili kulikuwa na mtu wa kuuliza.

Mwaka 2023, Vivek Murthy, aliyekuwa Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa waraka akionya kwamba upweke umekuwa tatizo la afya ya jamii nchini humo, likihusishwa na magonjwa ya moyo, kiharusi na kupoteza kumbukumbu uzeeni. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia suala hilo. Ni ajabu kidogo kuona serikali zikitafuta namna ya kuwakutanisha wazee wakati majengo yaliyokuwa yakiwakutanisha, kwa gharama ya sahani ya kabichi, yanageuzwa kuwa maduka ya simu.

Senti moja, senti tano

Wazo la mteja kujihudumia kwa trei lilikua kwenye miji yenye wafanyakazi wengi wenye muda mfupi wa chakula cha mchana. Chicago hutajwa sana, hasa baada ya maonesho makubwa ya dunia yaliyofanyika huko mwaka 1893. Neno lenyewe ni la Kihispania, likimaanisha mahali pa kuuzia kahawa.

Philadelphia mwaka 1902, Joseph Horn na Frank Hardart walifungua mgahawa ulioitwa Automat, na mwaka 1912 wakauingiza New York. Ukuta mzima ulikuwa na vijidirisha vya kioo kama masanduku ya posta. Ndani ya kila kimoja kuna chakula: maharage ya kuokwa, spinachi ya maziwa, makaroni, kipande cha pai. Unatumbukiza sarafu ya senti 5, unazungusha kitasa, unafungua na kuchukua. Nyuma ya ukuta kulikuwa na wafanyakazi wakijaza haraka kila kijidirisha kilichobaki kitupu.

Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, wasio na hela waliingia humo, wakachota maji ya moto ya chai ambayo hayakuwa na malipo, wakachanganya na sosi ya nyanya iliyokuwa mezani na kunywa kama supu. Kahawa ilibaki senti 5 hadi mwaka 1950. Gharama zilipopanda, mashine zilishindwa kupokea senti 6 au 7, hivyo ikabidi bei iruke moja kwa moja hadi senti 10, na wateja hawakusahau. Automat ya mwisho New York ilifungwa mwaka 1991.

Kampuni hiyo pia ilifungua mwaka 1924 maduka ya kuuza chakula kilichopikwa, cha kubeba nyumbani, yakitangazwa kwa ahadi ya kumpunguzia mama kazi. Miaka 100 baadaye, akina mama bado wanaisubiri.

Los Angeles kulikuwa na Clifford Clinton, aliyefungua kafeteria yake ya Clifton's mwaka 1931, wakati mbaya kuliko wote wa kufungua biashara. Alibandika masharti yaliyowashangaza wenzake: asiyeridhika na chakula asilipe, na asiye na fedha asirudishwe na njaa. Alikuwa pia na sehemu ya kuuza mlo kwa senti 1. Clinton alikuwa mtoto wa wamisionari na alikuwa ameiona njaa China akiwa mdogo. Baadaye alimwomba mtaalamu wa biokemia, Henry Borsook, amtengenezee chakula chenye virutubisho vyote muhimu kwa gharama ndogo sana kwa mlo. Ukapatikana unga uliotokana na soya, na mwaka 1946 Clinton akaanzisha shirika la Meals for Millions kuusambaza kwenye nchi zenye njaa. Mwanzo wa yote hayo ulikuwa mwenye mgahawa aliyehesabu sahani zake.

Ambao hawakuruhusiwa kushika trei

Kumbukumbu hizi tamu si za kila Mmarekani. Kusini, na hata katika mji mkuu Washington, kafeteria nyingi zilikuwa za Wazungu peke yao. Mmarekani mweusi angeweza kupika zile kunde, kuzipakua na kufuta meza, lakini si kukaa kwenye meza hiyo.

Februari 1950, Mary Church Terrell, mwalimu na mwanaharakati aliyekuwa na umri wa miaka 86, aliingia na wenzake kwenye kafeteria ya Thompson's jijini Washington, wakachukua trei na kukataliwa kuhudumiwa. Walikwenda wakijua watakataliwa. Walitaka kesi, kwa sababu mji huo ulikuwa na sheria za miaka ya 1870 zilizokataza ubaguzi kwenye migahawa, zikiwa zimeachwa kwenye makabati bila kufutwa. Juni 1953 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hizo bado zina nguvu. Siku chache baadaye bibi huyo, sasa miaka 89, alirudi Thompson's akahudumiwa na akala. Kwa nchi nzima ilibidi kusubiri Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Kwa hiyo familia za Wamarekani weusi zinazozungumzia Jumapili za kafeteria mara nyingi huzungumzia miaka ya 1970 na kuendelea, na utamu wake una ladha nyingine kabisa.

Kilichoiua

Hakuna sababu moja. Kafeteria inahitaji wapishi wengi wanaoingia alfajiri, wakimenya, wakioka na kuchemsha vyakula zaidi ya 20 ambavyo vyote lazima viwepo hata kwa mteja wa mwisho. Kinachobaki ni hasara. Mgahawa wa baga una vyakula vichache, vimegandishwa, na kijana aliyefundishwa siku chache anaweza kuviandaa. Wa kwanza akipandisha bei, wazee wa pensheni wanapungua. Asipopandisha, hawezi kulipa mishahara.

Na familia zenyewe zilibadilika. Upo utani wa Texas kwamba mchungaji wa Kimethodisti alijitahidi kumaliza mahubiri kabla ya saa 6 mchana ili waumini wake wawahi foleni ya kafeteria kabla Wabaptisti hawajatoka. Siku hizi Jumapili ina mechi za watoto na zamu za kazi, na kwa wengi haina kanisa. Morrison's, iliyoanzishwa Mobile, Alabama, mwaka 1920, ilinunuliwa na Piccadilly mwaka 1998. Piccadilly yenyewe ikafilisika mwaka 2003, ikanunuliwa na kuendelea ikiwa ndogo. Furr's ya New Mexico ilikufa mwaka 2021. Uviko-19 ulizikuta kafeteria zikiwa zimeshaugua, na foleni ya wazee waliosogeleana ilikuwa kitu cha kwanza kukatazwa.

Luby's iliokolewa dakika za mwisho. Mwaka 2021 alijitokeza mwekezaji aliyenunua jina na migahawa 32, na LuAnn ingali kwenye menyu, pamoja na makaroni yake kwenye safu ya mboga.

Mzazi anayetaka kuijaribu foleni hiyo nyumbani hahitaji reli za chuma. Siku moja ya wiki, badala ya kupakulia watoto jikoni, mabakuli yawekwe mezani: wali au ugali, maharage, mchicha, bamia, samaki, papai lililokatwa. Kila mtoto achague viwili mbali na wanga, ajipakulie kwa kijiko kidogo, na asilazimishwe kumaliza. Wiki ya kwanza huenda wote wakachagua samaki na papai. Bamia zirudi mezani wiki inayofuata, bila hotuba.